Mawe ya Lubiriha na Zamu ya Paluku

Tulipomzika Mwalimu Masika kule kwao Kyarumba, katekista alisoma maisha yake kutoka kwenye karatasi mbili zilizoandikwa mbele na nyuma. Alitaja shule nne alizofundisha, kwaya aliyoiongoza, miche ya kahawa aliyowagawia majirani, hata jogoo wake aliyekuwa akiwika saa tisa mchana akatajwa. Besiboli haikutajwa. Nilikuwa nimesimama kwenye migomba na matope mpaka magotini, kwa sababu njia ya kwenda kwake imesimama wima kiasi kwamba ukipiga chafya kidevu kinagonga mlima, nikawa nasubiri. Nilijiambia, sasa atafika. Katekista akafika kwenye ugonjwa, akafika kwenye shukrani, akakunja karatasi zake akazitia mfukoni. Pembeni yangu alikuwa Bwambale, ambaye siku hizi ana bucha mbili pale Bwera na tumbo la bucha tatu. Akaninong'oneza, "Thembo, mwaka mzima wameuruka." Tulikuwa watu wawili katika umati wote ule tuliojua ni mwaka gani.

Basi nitauandika mimi. Elimu yangu ni ya shule ya usiku, cheti nilikipata nikiwa tayari na mvi, na mwalimu wetu wa insha alizoea kuniambia kwamba kwenye karatasi zangu mbu wote wana ukubwa wa mbuzi. Sikatai. Ila kuna mambo ambayo ukiyaongeza chumvi yanaharibika, na katika mwaka ule nilijifunza moja kwa kuliharibu.

Timu yetu iliitwa Mawe ya Lubiriha, kwa sababu mazoezi ya kurusha tuliyaanza kwa mawe ya mto ule unaotutenga na Kongo, mpaka askari wa ng'ambo wakatuma ujumbe kwamba tunawatisha bata wao. Mchezo wenyewe Mwalimu Masika aliujulia chuoni alikosomea ualimu, akarudi nao Bwera kama mwanamke aliyerudi na mbegu ya tunda lisilojulikana. Si mchezo mgumu. Mmoja anarusha mpira, mwingine anasimama na gongo aupige. Akiukosa mara tatu, ametoka. Akiupiga, anakimbia kupitia vituo vitatu na kurudi pale alipoanzia, tunapaita nyumbani, na akifika nyumbani hiyo ni pointi. Wakitoka watatu, mnabadilishana. Nyuma ya mpigaji anachuchumaa mdakaji, kazi yake kuupokea kila mpira uliokoswa. Huyo nilikuwa mimi. Kofia yangu ya kukinga uso iliungwa kwa spoku za baiskeli na Yohana, Mganda fundi wa baiskeli aliyekuwa mwenzetu katika timu, na nikiivaa watoto wa shule walikuwa wananiita kuku wa tenga.

Mwaka ule watu wa ligi kutoka Kampala waliingiza timu nne za magharibi katika daraja la chini kabisa, ambalo chini yake kulikuwa na nyasi tu. Walituazima glovu saba kwa wachezaji tisa, magongo mawili na mipira kumi na miwili, wakasema wazi: timu itakayoshika mkia itafutwa, na vifaa vyake vitapelekwa kwingine. Mwalimu aliandika ubaoni, "Tusiwe wa mwisho," na hakuyafuta maneno hayo hata alipofundisha hesabu, aliyazunguka. Msomaji anaweza kuuliza kwa nini watu wazima tisa tulikosa usingizi kwa ajili ya mkia wa ligi ndogo namna ile. Nitasema. Siku sita za wiki sisi tulikuwa watu wa kuitwa "weye, beba hii." Tulikuwa wachukuzi wa soko la mpakani, wachinjaji wa kujifunza, wakimbizi wa kusubiri karatasi. Jumamosi tulikuwa na namba mgongoni, na kulikuwa na mtu mwenye filimbi aliyekuwa ametoka mbali kuja kutuangalia sisi tu. Timu ikifutwa, Jumamosi ingekuwa siku ya saba ya kubeba.

Tulikula kwa mwalimu kila baada ya mazoezi. Alikuwa na chumba kimoja, kitanda nyuma ya pazia la kitenge, madaftari ya wanafunzi yamepangwa ukutani mpaka yamekuwa ukuta mwingine, na redio iliyofungwa waya ambayo ilikamata stesheni moja tu, ya mahubiri. Obundu, ugali wetu wa muhogo, ilikuja kwenye sinia moja, ngumu na ya moto, pamoja na sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa na karanga, na wiki nzuri ngege kutoka Kahendero, samaki ambaye kwa kumbukumbu yangu alikuwa na urefu wa mlango. Ni hapo, kwenye jagi la kunawia mikono, ndipo mwalimu alipopata dawa ya tatizo lililomtesa. Katika besiboli wapigaji huingia kwa zamu, wa kwanza mpaka wa tisa, na zamu hiyo haibadiliki. Sisi kwa wiki tatu tulikuwa tunaisahau. Mmoja anaingia mapema, mwingine amekwenda kukojoa, wa nne anadhani ni wa sita. Jioni moja jagi lilinifikia, nikalishika bila kunawa, nikimwangalia mwenzetu aitwaye Kule.

"Thembo, mbona hunawi?" mwalimu aliuliza.

"Kule bado hajanawa," nikasema. "Nitamrukaje mtu aliyezaliwa mbele yangu?"

"Kule ni wa kwao, wewe ni wa kwenu. Na umemzidi miaka mitatu."

"Mwalimu, jina ni jina."

Kwetu Wakonzo jina linakuja na zamu ya kuzaliwa. Mwana wa kiume wa kwanza ni Baluku, wa pili Bwambale, wa tatu Masereka, wa nne Kule, wa tano Thembo, na kuendelea. Ndugu zetu Wanande wa upande wa Beni na Butembo wana foleni ile ile, ila ulimi wao umepinda kidogo: Baluku wao ni Paluku, Bwambale wao ni Kambale. Ukitaja jina lako umeshasema nani yuko mbele yako nyumbani na nani yuko nyuma. Sisi tulikuwa tumelifanya mchezo hata kwenye jagi, watu wa nyumba tisa tofauti tukinawa kana kwamba tulizaliwa na mama mmoja. Mwalimu aliweka sufuria chini akatuangalia mmoja mmoja. "Mmenipa karatasi yangu," alisema, na kuanzia wiki ile tulipiga kama tulivyonawa. Yohana peke yake alilalamika, kwa sababu kwa Waganda majina hayana foleni ya namna hiyo, akawekwa wa tisa.

"Lakini mimi kwetu ni wa kwanza," alisema.

"Kwenu ni wapi hapa?" Bwambale akamjibu, akimwita bwana kwa Kiganda chake. "Kula, ssebo."

Karatasi ya zamu refa alipewa kabla ya mchezo, na sheria yake ilikuwa kali. Mtu akipiga mahali pa mwenzake, na wapinzani wakamwonyesha refa, yule aliyeiacha zamu yake anahesabiwa ametoka, na kila kilichofanywa na yule aliyeingia kinafutwa. Timu nyingine zilinaswa na sheria hiyo. Sisi tulicheka. Ili ukosee zamu katika Mawe ya Lubiriha, ilibidi kwanza usahau wewe ni mtoto wa ngapi.

Wa kwanza wetu alikuwa Paluku, Mkongomani wa vijiji vya karibu na Butembo, ambaye vita vilimsukuma kwetu. Tulipanga naye chumba kimoja nyuma ya saluni ya wanawake, ukuta wa mbao, godoro moja, jiko moja, na harufu ya nywele zilizoungua ambayo mpaka leo nikiisikia naona njaa. Alikuwa mtu wa kimya. Ukoko wa obundu aliniachia mimi kila siku bila kusema kwamba ananiachia. Lakini uwanjani alikimbia mpaka kivuli chake kikaomba kupumzika, na bila miguu yake tungeshika mkia kabla ya mvua za kwanza. Jambo moja tu nililiona na sikulielewa. Mwalimu aliposoma, "Wa kwanza, Paluku," wengine tulipoitwa tuliruka, yeye alibaki amekaa kwa muda wa pumzi moja, kisha akainuka. Nilidhani ni maringo ya wazaliwa wa kwanza, ambayo sisi wa tano tunayafahamu vizuri.

Ijumaa moja, siku ya soko, nilikuwa nimelala nyuma ya pazia letu mchana, kidole kimevimba kwa mpira wa Bwambale, ambaye alirusha kama mtu anayelipiza kisasi. Mlango ukafunguliwa. Paluku aliingia na mwanamke aliyebeba fungu la makayabu, wale samaki wa chumvi, na unga wa muhogo. Alikuwa mama yake, amevuka na wachuuzi wa vitunguu. Walichanganya Kinande na Kiswahili cha kwao, na mimi, badala ya kukohoa kama mtu mwenye adabu, nikabana pumzi.

"Kambale, mutoto yangu, unakula kweli?"

"Ninakula, mama."

"Na hapa batu banakuitaka nani?"

 Nilisikia maji yakichemka jikoni. "Paluku," alisema.

"Ile jina nilishaizika."

"Mama, karatasi ya parokia ilikuwa na jina yake. Pale mpakani afande aliuliza, 'Weye njo Paluku?' Mutu mwenye karatasi anapita, mutu hana karatasi anarudia. Nikasema ndiyo."

"Najua juu ya nini ulisema. Minauliza utatoka lini mu ile jina."

"Nikisema leo, batasema nilidanganya. Batanitosha mu ekipe ya mupira, batanirudisha Kongo."

"Sikugombezi. Lakini mi sitakuja fasi batu banakuita vile. Masikio yangu haiwezi."

Alipomsindikiza na kurudi, alifungua pazia akanikuta nimekaa. Hakukasirika. Aliniambia kwamba kaka yake alikufa kwa homa njiani, siku mbili kabla ya kufika Kasindi mpakani, wakamzika kando ya shamba la mtu wasiyemjua, na yeye akaendelea na karatasi. "Utasema?" aliniuliza. Kila mtu Bwera alijua mdomo wangu ni soko la Lubiriha, wazi na bila ushuru. Nikamwambia sitasema, na sikusema. Hilo najivunia. Ila sasa, kila mara mwalimu alipoita wa kwanza, ile pumzi moja niliivuta pamoja naye.

Ligi iliisha kama ilivyopaswa kuisha ili kutunyima hamu ya chakula: sisi na vijana wa Fort Portal tulikuwa sawa chini kabisa, na mchezo wa mwisho ulikuwa baina yetu, uwanjani Kasese. Atakayeshinda abaki, atakayeshindwa afutwe. Wiki ile nilimkuta mama yake sokoni amekaa nyuma ya kilima chake cha vitunguu, na hapo nikafanya kosa langu. Nilichutama karibu naye nikamwita kwa sauti ya chini, "Mama Kambale." Aliacha kupanga vitunguu, akageuka. Nilimwambia mimi ndiye ninayekaa na mwanawe, na kwamba ni dhambi mama kuuza vitunguu wakati mwanawe anakimbia mpaka upepo unamuuliza njia. Alicheka kidogo, akaziba mdomo kwa mkono. Nilipoona kicheko kile nililewa.

"Na ile jina?" aliuliza. "Batamwita vile."

"Kasese hawatujui, mama. Watasema 'Mawe, Mawe,' basi. Mimi nakuahidi."

Nilimwahidi kana kwamba umati mzima ulikuwa mfukoni mwangu pamoja na sigara. Nimeongeza chumvi kwenye mambo mengi maishani. Nimesema nilimwona chui Kitswamba, na alikuwa mbwa. Nimesema nilifaulu hesabu. Hayo hayakumuumiza mtu. Ahadi ile ilikuwa na urefu wa maneno machache, na ndiyo nzito kuliko yote niliyowahi kusema, kwa sababu yule mama aliiamini, akaacha vitunguu vyake kwa jirani, akapanda gari la mizigo akaja.

Kasese kuna joto ambalo kwetu Bwera hatulijui. Uwanja ulikuwa mkavu, vumbi jeupe, na wale ndege wakubwa wenye vipara, makaloli, walitembea pembeni kama wakaguzi wa elimu. Refa alikuwa askari mstaafu, mfupi, aliyetembea bado kwa gwaride, sote tukamwita afande. Mama alikaa juu ya beseni lake alilolifunika, karibu na mstari, miguu ameinyoosha. Nilimpungia mkono. Kisha likafika lori la nyanya kutoka Bwera, na juu yake watu wetu arobaini ambao sikuwawazia hata mara moja. Hao walitujua sote mpaka majina ya utani. Zamu ya kwanza ilipoitwa, mmoja akapaza, "Paluku," wakapokea wote, wakapiga bodi za lori kwa viganja, "Paluku, Paluku." Mama alivuta kitenge kikafunika kichwa. Mwanawe alizungusha gongo mara tatu kwenye hewa tupu akarudi kukaa. Aliingia tena, na tena, na kila mara lori lilimwita na kila mara alitoka. Mtu aliyekuwa akipiga kila kitu. Mwalimu alimuuliza kama anaumwa. Akasema hapana.

Tulifika mwisho kabisa wa mchezo tuko nyuma kwa pointi moja. Wetu wawili walikuwa wameshatoka. Yohana, wa tisa, aligongwa na mpira kiunoni, na sheria ikampa kituo cha kwanza bure. Alikwenda huko akichechemea na kutabasamu kama aliyeshinda bahati nasibu. Kwa hiyo ilikuwa hivi: akitoka mmoja zaidi, tumefutwa. Mwalimu aliita, "Wa kwanza, Paluku," akageuka kumwonyesha Yohana kwa mikono asimame wapi. Lori likaanza. Rafiki yangu alichukua gongo akapiga hatua tatu, akaangalia mahali alipokaa mama yake. Mama alikuwa ameziba masikio kwa viganja vyote viwili, macho ameyafumba, na alikuwa anatikisika taratibu, kama mtu anayebembeleza mtoto. Mwanawe aligeuka, akarudi kwenye benchi, akamnyooshea Bwambale gongo.

"Ingia weye."

"Zamu ni yako."

"Mi niko wa pili. Ingia."

Bwambale mwaka mzima alikuwa akiionea wivu nafasi ya kwanza, hakuuliza mara mbili. Nilikuwa nimekaa hatua moja kutoka kwao, kofia ya spoku magotini. Sheria niliijua kuliko wote. Mimi ndiye niliyekuwa namsomea mwalimu kile kijitabu akipika. Neno moja tu lilihitajika. Nimezoea kusimulia kwamba mdomo wangu ulikwama, kwamba neno halikuja. Neno lilikuja. Lilifika kwenye meno. Nilimwangalia yule mama, nikalimeza.

Lori lilipomwona Bwambale, likabadilisha jina. Mama akashusha mikono. Na mpira ule alioupiga Bwambale, mimi nasema mpaka leo haujatua. Uliwapita walinzi wa Fort Portal, ukawapita makaloli, ukaelekea milimani kama unaokwenda kumsalimia mtu. Yohana alifika nyumbani amesahau kuchechemea. Bwambale alifika nyuma yake akilia. Pointi mbili, tumewapita kwa moja, watu wameshuka kwenye lori, mwalimu amekaa chini kwenye vumbi na gauni lake la Jumapili. Katikati ya kelele hizo mwalimu wa Fort Portal, mtu mpole mwenye soksi nyeupe, alitembea polepole mpaka kwa refa na karatasi mkononi. Hakuonekana kufurahi. Alinyoosha kidole kwenye mstari wa kwanza.

"Nani anaitwa Paluku?" refa aliuliza. "Mbele."

"Mimi, afande."

"Zamu yako ilipoitwa ulikuwa wapi?"

"Hapa."

"Ulipiga?"

"Hapana, afande."

"Karatasi inasema Paluku. Paluku hakusimama pale. Paluku ametoka, hao ni watatu, na pointi hizo hazipo. Mchezo kwisha. Ondoeni watu uwanjani."

Bwambale alimkamata shati. "Uliniambia niingie. Umetuuza kwa nani?" Angempiga, na mkono wake ulikuwa mkono wa mchinjaji. Ila mama alikuwa ameshafika. Alipita katikati yetu kama mtu anayepita sokoni, akamshika mwanawe kifundo cha mkono. "Muache mutoto yangu," alimwambia Bwambale, bila ukali. "Kambale, kuja unywe maji."  Masereka aliuliza, "Kambale nani?" Rafiki yangu, akiwa ameshika kikombe cha mama yake, akatuambia, amesimama, kwa maneno machache kuliko niliyotumia mimi hapa: homa, Kasindi, karatasi, afande wa mpakani. Mwalimu Masika alikuwa bado amekaa chini. Aliuliza jambo moja tu, kama kaka yule alikuwa mzaliwa wa kwanza kweli. Akajibiwa ndiyo.

"Nilijua, mwalimu," nikasema mimi. "Mama nilimleta mimi. Na sheria niliijua."

"Na ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

Aliniangalia muda wa kutosha kuivisha maharage. "Basi," alisema. Neno hilo nimelibeba miaka yote hii, nikiligeuza huku na huku, na sijajua kama lilinifungia mlango au lilinifungulia. Kule Kyarumba baada ya mazishi nilimuuliza Bwambale kama bado ana kinyongo. Alifikiri kweli, akiwa ameshika sahani ya wali. "Ule mpira niliupiga," alisema. "Refa alifuta pointi. Mpira hakuufuta." Ligi yenyewe ilikufa baada ya muda, bila kelele, na timu zilizotushinda leo nazo hazitajwi kwenye mazishi ya mtu. Kwa hiyo labda niliiua timu iliyokuwa na mwaka mmoja tu wa kuishi. Lakini ulikuwa mwaka wetu. Mimi nilijua thamani yake nilipoutoa, na kama ningeulizwa leo, nadhani, nadhani tu, ningemeza neno lile lile.

Watu wa ligi walikusanya vifaa pale pale uwanjani wakavitia kwenye gunia. Tulipopanda lori, mwalimu alisema, "Kesho saa kumi, mazoezi."

"Ya nini, mwalimu?" Bwambale aliuliza. "Hatuna ligi. Hatuna glovu."

"Nimesema saa kumi."

Jumapili tulikuja wote tisa, hata Yohana na kiuno chake. Uwanja wa shule pale Bwera umeinama, mpira ukikuponyoka unaufuata mpaka kwenye muhogo wa watu. Mwalimu alikuja na gongo la mkalitusi alilochongesha njiani, na mpira mmoja ambao alisema alisahau kuurudisha. Hakuwa mtu wa kusahau. Alimweka Bwambale mahali pa kurushia, mimi akaniambia nichuchumae mahali pangu, mikono mitupu. Wengine walipanga mstari. Kisha akasoma, bila karatasi.

"Wa kwanza, Paluku."

Kambale alijitikisa kutaka kwenda. Mwalimu alimzuia kwa kiganja. "Siyo wewe."

Tukasubiri. Mbele yangu palikuwa na nyasi zilizolala mahali ambapo mpigaji husimama, na hakuna mtu. "Mwalimu," Bwambale alisema, "hakuna mutu pale."

"Najua. Rusha."

Alirusha polepole, kama anayempa mtoto. "Hivyo siyo," mwalimu alisema. "Mrushie kama unavyowarushia wengine." Akarusha. Ulipita mahali pale patupu ukaja kwenye viganja vyangu, na maumivu yakapanda mpaka kwenye sikio. "Moja," mwalimu alihesabu. Nikaurudisha. Akarusha tena. "Mbili."  Nilisikia redio ya mtu mbali, na mbuzi. Wa tatu ulikuwa mkali kuliko yote, sijui aliutoa wapi, na niliupokea kwa mikono yote miwili kifuani. "Tatu," mwalimu alisema, akangoja kidogo. "Ametoka. Wa pili."

Bwambale aliangalia mstari, akamwangalia Kambale. "Wa pili tuko wawili," alisema. "Ingia weye kwanza. Mi nina mpira."

Kambale alichukua gongo akaja akasimama mbele yangu, akasawazisha miguu kwenye zile nyasi. Nilikuwa nikipuliza viganja vyangu, vimekuwa vyekundu kama nyama ya Bwambale. Hakugeuka.

"Thembo. Mikono inauma?"

"Inauma."

"Kaa muzuri," alisema. "Hii haitafika kwako."